Mwenye Haki na Bahari: Maongozi ya Mungu katika Mafundisho ya Walimu wa Wayahudi



Katika masomo yaliyotangulia tulijifunza kwamba Mungu aliyeumba vitu vyote ndiye avilindaye na kuviongoza, na kwamba ulinzi huo unaitwa Maongozi ya Mungu. Neno hilo ni jepesi kulikariri. Ugumu wake huanza siku ya msiba. Mtu mwema amekufa kijana, mwovu anazeeka kwa amani, na watu waliokaa kilioni wananong'onezana: Nani amemwua? Au: Alifanya kosa gani la siri? Leo tuwasikilize watu waliolichunguza jambo hili zamani sana kabla yetu, yaani walimu wa Wayahudi, waliotunza Maandiko ya Agano la Kale ambayo nasi tunayasoma. Wengine kati yao walilichunguza huku machozi yakiwatoka.

Tuanze na hadithi mbili za Talmudi. Talmudi ni mkusanyo mkubwa wa mafundisho na mabishano ya walimu hao, nayo mashuhuri zaidi ni ile iliyokusanywa katika nchi ya Babeli, ambayo leo ni Iraki.

Katika Torati ya Musa kuna amri ya kuwaheshimu baba na mama, na amri hiyo ina ahadi ya maisha marefu. Iko na amri nyingine ndogo, ambayo wengi wetu tunaipita bila kuitazama: mtu akikuta kiota cha ndege, amwache mama aende zake kabla ya kuyatwaa makinda. Nayo pia ina ahadi ya maisha marefu. Basi, Talmudi yasimulia, baba mmoja alimwambia mwanawe apande juu ya mnara amletee makinda ya ndege. Kijana akamtii baba yake, akapanda ngazi, akamfukuza mama ndege, akayatwaa makinda. Amri zote mbili amezitimiza kwa saa moja. Alipokuwa akishuka, akaanguka, akafa. Maisha marefu yako wapi?

Tazameni namna walimu wale walivyobishana. Mmoja akauliza: Labda kijana alikuwa na wazo la dhambi moyoni? Akajibiwa: Mungu hahesabu wazo baya kama tendo baya. Labda wazo lake lilikuwa la kuabudu sanamu, ambalo ni zito kuliko yote? Akajibiwa tena: Kama ni hivyo, mbona ile amri aliyokuwa akiitimiza haikumkinga na wazo hilo? Mwisho wakasema jambo ambalo fundi yeyote wa nyumba angelisema: ngazi ilikuwa mbovu. Mahali penye hatari iliyo wazi, mtu asitegemee mwujiza. Na Rabi Yaakov akafundisha kwamba maisha marefu yaliyoahidiwa ni yale ya ulimwengu ujao. Talmudi yasema tena kwamba babu yake mzaa mama, mwalimu Elisha ben Abuya, aliiacha imani. Na wengine husema aliiacha kwa sababu aliona kifo cha namna hii kwa macho yake mwenyewe. Mwalimu mmoja akasikitika: laiti babu angeifasiri ile ahadi kama mjukuu wake, asingalipotea.

Hadithi ya pili ni fupi. Palikuwa na walimu wawili, Rabbah na Rav Hisda, wote wawili wenye haki. Huyu akiomba mvua, mvua ilinyesha. Yule akiomba, mvua ilinyesha pia. Lakini Rav Hisda aliishi miaka 92, na Rabbah 40. Nyumbani mwa Rav Hisda arusi 60. Nyumbani mwa Rabbah vilio 60. Kwa Rav Hisda hata mbwa walipewa mkate wa unga safi na wakaubakiza. Kwa Rabbah watu walitafuta mkate wa shayiri wasiupate wa kutosha. Mwalimu aliyesimulia hayo alikata shauri kwamba umri, watoto na chakula havifuati stahili ya mtu. Wengine walimpinga. Lakini hakuna aliyethubutu kusema kwamba Rabbah alikuwa mwovu. Mvua ilikuwa shahidi wake.

Sasa tuvuke karne nyingi, twende Hispania, kwa mwalimu aliyeandika juu ya jambo hili kuliko wote waliomtangulia.

Katika mji wa Córdoba, karibu mwaka 1138, alizaliwa mtoto aliyeitwa Moshe, mwana wa Maimon. Waarabu walimwita Musa bin Maimun, na watu wa Ulaya humwita Maimonides. Mwaka 1148 mji ule ukatekwa na Waalmohadi, watawala waliotoka Moroko, ambao hawakuvumilia dini nyingine katika nchi yao. Wayahudi na Wakristu wengi walilazimika kusilimu au kukimbia. Mzee Maimon pamoja na wanawe, Moshe na mdogo wake David, na wengine wa nyumba yake, wakatangatanga miaka mingi, wakakaa Fez, na mwaka 1165 wakapanda merikebu kwenda Palestina.

Katikati ya bahari tufani ikawashika, hata merikebu ikawa karibu kuzama. Moshe akaweka nadhiri kwamba kila mwaka, siku ile waliyopanda merikebu na siku ya tufani, atafunga, yeye na watu wa nyumba yake. Na siku ya tufani atakaa peke yake katika sala, asionane na mtu, kwa kuwa siku ile baharini hakuona msaidizi ila Mungu peke yake. Wakafika Acre salama. Baadaye wakahamia Misri, wakakaa Fustat, mji wa kale ulio kando ya Kairo.

Huko ndugu hawa wawili wakagawana kazi. David alifanya biashara, akalisha nyumba nzima; Moshe alikaa na vitabu vyake. Alikuwa amemfundisha David Maandiko kama mwalimu afundishavyo mwanafunzi, naye alimpenda mno. Siku moja David akasafiri kwa mto Nili hadi Qus, akavuka jangwa mpaka bandari ya Aydhab, kando ya Bahari ya Sham. Yeye na mwenzake mmoja waliuacha msafara mkubwa wakavuka jangwa peke yao, jambo la hatari sana, ambalo yeye mwenyewe alikiri kwamba halikuwa la akili. Kumbe watu wa msafara ndio waliopatwa: wengine walinyang'anywa mali na kujeruhiwa, wengine walikufa kwa kiu. Bandarini hakukuta bidhaa ya kumfaa ila nili, ile rangi ya kutilia nguo. Akaazimu kwenda mbele mpaka Bara Hindi. Akamwandikia kaka yake asifadhaike, awatulize wanawake nyumbani, maana Mungu aliyemwokoa katika jangwa atamwokoa na baharini.

Barua hiyo ipo hata leo. Ilikaa karne nyingi katika chumba cha sinagogi la Fustat, ambamo Wayahudi waliweka karatasi zilizochakaa ili zisitupwe ovyo, kwa kuheshimu jina la Mungu linaloandikwa ndani yake. Sasa imehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza.

David alizama katika Bahari ya Hindi. Pamoja naye ikazama mali nyingi, yake na ya kaka yake na ya watu wengine. Akaacha mjane na mtoto mdogo wa kike. Sisi tukaao kando ya ziwa Tanganyika tunajua habari za namna hii zinavyofika: hakuna maiti, hakuna kaburi, ni neno tu kinywani mwa mtu aliyekuja. Siku Moshe alipoipata habari akaanguka kitandani, akalala karibu mwaka mzima kwa homa na uchungu wa moyo. Miaka nane baadaye alimwandikia rafiki yake wa Acre, Japhet ben Elijah, kwamba msiba huo ulikuwa mkubwa kuliko yote ya maisha yake, na kwamba hajapata faraja. Akiona mwandiko wa David katika kitabu, moyo wake hugeuka. Na katika barua hiyo alimwita marehemu mwenye haki.

Tulishike neno hilo. Ndugu mmoja alikuwa katika merikebu iliyopigwa na tufani akaokoka, na kila mwaka alifunga kwa shukrani. Ndugu wa pili alimtumainia Mungu yule yule kwa maneno yale yale, akazama. Aliyesalia alipaswa kuwafundisha watu wake Maongozi ya Mungu ni nini.

Akashika utabibu ili kulisha nyumba, na baadaye akawa tabibu wa al-Qadi al-Fadil, waziri wa Sultani Salah ad-Din. Usiku aliandika. Karibu mwaka 1190 akamaliza kitabu chake kikubwa, kilichoandikwa kwa lugha ya Kiarabu kwa herufi za Kiebrania, ambacho jina lake maana yake ni Uongozi wa Waliotatizika. Katika sehemu ya tatu alizipanga rai za watu juu ya Maongozi.

Wapo wasemao kwamba hakuna maongozi, vyote ni bahati tu. Hao ni watu wa Epicurus, naye hakukaa nao sana. Aristoteles, mwanahekima wa Wayunani, alisema kwamba Mungu hutunza mbingu na nyota, na hapa duniani hutunza jinsi za viumbe tu: simba hawataisha, watu hawataisha, lakini simba huyu au mtu huyu akipatwa na jambo, ni bahati. Kwa rai hiyo, aeleza Maimonides, jani linaloanguka mtini ni sawasawa na merikebu inayozama na watu wema ndani yake. Na ng'ombe anayeangusha mavi juu ya sisimizi wakafa ni sawasawa na nyumba inayowaangukia watu walio katika sala. Kati ya Waislamu, chama cha Waashari kilisema kinyume kabisa: hata jani haliangushwi na upepo, bali na Mungu mwenyewe, na mwanadamu hana uwezo wa kutenda wala kuacha. Na chama cha Wamutazila kilisema kwamba Mungu hufidia kila mateso katika ulimwengu ujao, hata panya aliyeraruliwa na paka atalipwa.

Rai ya tano ni ya Torati: mwanadamu ana hiari, na Mungu hamdhulumu mtu. Ndani ya rai hiyo Maimonides akaweka fundisho lake mwenyewe. Kwa wanyama na mimea, alisema, Aristoteles ana haki: Mungu hutunza jinsi tu, wala hakutoa amri maalum kwamba buibui huyu amle nzi huyu leo. Lakini kwa mwanadamu, Mungu humtunza kila mtu mmoja mmoja. Kwa nini mwanadamu? Kwa sababu ana akili, na akili ni mwanga utokao kwa Mungu. Mwenye mwanga mwingi hutunzwa zaidi. Manabii na wenye haki hutunzwa kuliko wote. Mjinga mwasi anaachwa karibu na hali ya wanyama.

Na mfano gani aliuchagua kueleza fundisho lake? Mfano wa merikebu. Alisema kwamba merikebu kuzama kwa tufani huweza kuwa jambo la bahati, lakini watu kuingia katika merikebu ile si bahati. Ni kwa mapenzi ya Mungu na kwa hukumu ya haki, ambayo kipimo chake akili zetu haziwezi kukifikia. Hakulitaja jina la David. Lakini ni nani awezaye kusoma ukurasa ule bila kumkumbuka?

Hapo ndipo mtu mwenye haraka angesema: Basi, David alistahili. Maimonides hakulisema neno hilo. Badala yake, kurasa chache mbele, akakifungua kitabu cha Yobu. Aliona kwamba kila mmoja wa marafiki wa Yobu anasema rai moja kati ya zile zilizotajwa. Elifazi, ashikaye kwamba kila ateswaye amestahili, anasema rai ya Torati kama wengi walivyoielewa; Bildadi anatumaini fidia kama Wamutazila; Sofari anayaacha yote kwa mapenzi ya Mungu yasiyoulizwa, kama Waashari; na Yobu mwenyewe katika uchungu wake anasema kama Aristoteles, kwamba mwema na mwovu ni mamoja. Kisha Maimonides akaonyesha jambo ambalo wasomaji wengi hawalioni. Maandiko yanamwita Yobu mnyofu na mwenye kumcha Mungu. Hayamwiti mwenye hekima. Mwanzoni Yobu alimjua Mungu kwa kusikia habari zake, kama watu wengi wa kawaida, akadhani kwamba heri ni afya, mali na watoto. Alipomjua Mungu kweli, akatambua kwamba heri ya kweli ni kumjua Yeye, na heri hiyo hainyang'anywi na jipu wala tufani. Akaongeza kwamba Maongozi ya Mungu si kama uangalizi wetu sisi, anavyoangalia mchungaji kundi lake. Ni jina tu linalofanana.

Karibu na mwisho wa kitabu, katika sura ya 51, alirudi tena. Alisema kwamba mtu ambaye mawazo yake yako kwa Mungu, Mungu yuko pamoja naye, na mabaya hayamfikii. Mabaya humpata saa ile mawazo yake yakitoka. Samuel ibn Tibbon, aliyekuwa akikifasiri kitabu kwa Kiebrania, aliona kwamba maneno haya hayalingani na yale ya mbele, na mwaka 1199 alimwandikia mwalimu kumwuliza. Alikuwa na haki ya kuuliza. Maana ikiwa mwenye haki amezama, je, mawazo yake yalimtoka wakati wimbi lilipokuja? Wengine walimfasiri hivi: kwamba mabaya yasiyomfikia ni yale ya roho, na wimbi huupata mwili tu. Sura yenyewe inamalizika kwa kuwataja Musa, Haruni na Miriamu, ambao mapokeo ya Wayahudi husema walikufa kwa busu la Mungu, yaani roho zao zilitoka kwa wingi wa upendo.

Fundisho hili lina uzuri wake, lakini lina jambo linalonizuia. Mama anayetwanga mihogo, asiyejua kusoma, ambaye sala yake ni fupi na ya kweli, atatunzwa kidogo kuliko mwenye vitabu? Wayahudi wenyewe hawakukubaliana juu ya hilo. Nachmanides wa Girona, aliyezaliwa mwaka 1194, alifundisha katika maelezo yake ya kitabu cha Yobu kwamba mcha Mungu aambatanaye na Mungu daima hulindwa hata na ajali za dunia, na watu wengine huachwa kwa sehemu katika njia ya kawaida ya vitu.

Kitabu cha Maimonides kilifasiriwa pia kwa Kilatini katika karne ya 13, kikafika mikononi mwa Mtakatifu Thomas wa Aquino, aliyekufa mwaka 1274. Thomas alimsoma kwa heshima na kumtaja kwa jina, Rabi Moyses. Alipoandika juu ya Maongozi katika Summa yake, aliikumbuka rai yake juu ya wanyama na vitu viharibikavyo, akaikataa: Maongozi ya Mungu, alisema, yanafika hata kwa kila kitu kimoja kimoja, kwa sababu hakuna kitu kilichoumbwa ila na Yeye. Sisi tuliosikia katika Injili habari ya shomoro tunajua kwa nini hakuweza kusema vingine. Lakini Thomas naye aliandika maelezo marefu ya kitabu cha Yobu, na kama Maimonides alikisoma kuwa kitabu cha Maongozi ya Mungu.

Nimebakiza mmoja. Hasdai Crescas alikuwa mkuu wa Wayahudi wa Aragon, akakaa Zaragoza. Mwaka 1391 maghasia yakaanza Sevilla, makundi ya watu wakawaangukia Wayahudi, na moto ukaenea mji kwa mji. Waliofanya hayo walikuwa wamebatizwa, nasi hatuna budi kulisema. Mwezi wa Agosti ukafika Barcelona, na huko akauawa mwana wa pekee wa Crescas, kijana aliyekuwa bwana arusi. Mwezi wa Oktoba baba aliwaandikia Wayahudi wa Avignon kuwaeleza mji gani umeangamia na nani wamekufa. Alipofika kwa mwanawe aliandika maneno machache tu, kwamba alimtoa kama mwanakondoo asiye na ila, kwamba anaikubali hukumu ya Mungu, kisha akaendelea na habari za miji mingine.

Crescas alimheshimu Maimonides, lakini alimpinga kwa nguvu juu ya jambo hili moja. Kinachomwambatanisha mtu na Mungu, alifundisha, si wingi wa maarifa. Ni upendo, na kwa kipimo cha upendo Mungu humtunza mwenye haki, msomi na asiye msomi. Hayo aliyaandika katika kitabu kiitwacho Nuru ya Bwana, ambacho alikimaliza mwaka 1410, miaka kumi na tisa baada ya Barcelona.